Jeki na stendi za nyumbani: soma tani, lakini pima sentimita

Habari zenu wadau. Leo hapa chini nina jeki tatu na jozi mbili za stendi, yaani vile vyuma vya miguu vya kushikilia gari likishainuliwa, na gari la mfano ni Toyota IST, maana ndilo limejaa mitaani. Wauzaji watakutajia tani, tani, tani. Kwa gari dogo, tani si tatizo. IST tupu ina kilo 1,000 na ushei, na injini ikiwa mbele, mbele hukaa kama asilimia 60 ya uzito. Ukiinua mbele yote umeinua kilo 600 hivi, kwa hiyo jeki ya tani 2 inatosha kabisa. Mwenye Prado au Hilux ndiye achukue tani 3. Kinachowatesa watu ni urefu.

Chukua hii ya chupa, tani 2. Ikiwa imeshuka yote ina sentimita 18. Sasa inama upime ule mshono wa bati chini ya mlango, pale penye vijikato viwili vya kuonyesha pa kuweka jeki. Gari likipata pancha pale panashuka, na chupa haiingii. Hapo ndipo mtu anaanza kufukua udongo, au anaisukumia popote inapogusa chuma. Halafu kichwa chake ni kidogo, kinakunja mshono. Jeki ya chupa ni ya magari yenye ekseli nzima ya nyuma, Hilux na wenzake, inakaa chini ya bomba la ekseli. Kwa IST, mimi siipendekezi. Ya mkasi iliyokuja na gari ni ya kubadili tairi barabarani, basi.

Hii ya toroli ndiyo ya nyumbani. Ya bei nafuu huanzia sentimita 13.5 na kuishia kama 33. Inaingia vizuri. Ila tazama kwa karibu nikipampu: mkono hauendi juu wima, unapinda kama upinde, kwa hiyo jeki lazima itembee kidogo kuingia uvunguni. Mnaona magurudumu yanavyosogea? Sasa weka hiyo hiyo kwenye mchanga au kokoto. Magurudumu yanazama, jeki haitembei, na badala yake kile kisahani cha juu ndicho kinachoburuzika chini ya gari mpaka kinachomoka. Sakafu ya saruji iliyo sawa ndiyo mahali pake. Na unapopampu, macho yaangalie magurudumu ya jeki na kisahani, siyo tairi la gari.

Tuje kwenye stendi, na hapa ndipo pesa yako iende kwanza. Jeki inasimamishwa na mafuta na mpira wa sili. Sili ikichoka, gari linashuka, taratibu au ghafla, na sili haikupigii honi. Stendi ni chuma juu ya chuma. Nyingi za tani 3 huanzia sentimita 28 au 29. Jeki yetu inafika 33. Umebakiwa na sentimita 4 au 5 tu za kupitisha stendi, na ukiongeza kipande cha ubao chini ya jeki utapumua kidogo, lakini ubao huo unazuia magurudumu. Kwa hiyo muulize muuzaji urefu wa chini wa stendi kabla hujauliza bei, au toa futi upime mwenyewe.

Za meno au za pini? Za meno ni za haraka, lakini uzito wote unakaa kwenye ulimi mmoja, kile kipande cha chuma kinachoingia kwenye meno ya nguzo. Mwaka 2020 kule Marekani, maduka ya zana ya Harbor Freight yaliomba wateja warudishe stendi zao za chapa ya Pittsburgh za tani 3 na tani 6 kwa sababu ulimi ulikuwa haushiki meno sawasawa. Ukinunua za meno, nyanyua nguzo jino moja moja, uone ulimi unaangukia mpaka shinani, kisha uibonyeze kwa uzito wako. Mimi nachukua za pini. Zinachosha kupanga, lakini pini imepita tundu hadi tundu na unaiona.

Swali linalokuja kila mara: jeki ikikaa kwenye mshono, stendi iende wapi? Inua kwenye krosimemba ya mbele, ule mhimili wa chuma unaokatiza uvunguni, katikati yake, pale kitabu cha gari kinapoonyesha, kisha stendi mbili ziende kwenye mishono. Usiinue kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, itabonyea.

Kabla ya kuinua legeza nati nusu mzunguko, tairi likiwa bado chini. Weka kabari mbele na nyuma ya matairi yanayobaki chini, na msitegemee gia ya P. P inashika matairi ya mbele tu kwenye IST, na ukiinua tairi moja la mbele, difu, ile gia inayogawa nguvu kwa matairi mawili, inaliacha lizunguke na la pili linakuwa huru. Handbreki nayo ni ya nyuma. Ukiinua nyuma, umeinua breki yako.

Stendi zikishakaa, shusha gari juu yake polepole, acha jeki iguse tu bila kubeba, kisha sukuma gari kwa bega, kwa nguvu. Likicheza, lirudishe chini upange upya. Tairi ulilotoa lilaze uvunguni karibu na stendi.

Tofali? Hapana, hata moja. La saruji linabeba vizuri mpaka linapopasuka, na halitoi mlio wa kukuonya.

Jeki mpya ikipanda kwa kusitasita, ina hewa: fungua skrubu ya kushushia, pampu mara 10 hadi 15 bila mzigo, funga. Ikipungua mafuta ongeza ya haidroliki. Ya breki yanakula sili.