Chama chenye nyufa au mgombea binafsi?

Sisi wapiga kura wa upinzani Uganda tumechoka. FDC, chama kikongwe cha upinzani, kiligawanyika 2023: kundi la ofisi ya Najjanankumbi huku, la ofisi ya Katonga kule, zote Kampala. Miaka mingi kampeni zake zilimtegemea mno Kizza Besigye, mgombea wake wa urais 2006, 2011 na 2016, huku vituo vingi vya kura vijijini vikikosa mawakala wa kulinda kura za chama. Hilo linaniuma kuliko ugomvi wenyewe.

Mgombea binafsi hana makundi ya kugombania ofisi. Lakini wengi wao ni walioshindwa kura za mchujo za chama tawala, NRM, na bungeni huegemea huko huko. Ibara ya 83 ya Katiba humnyang'anya mbunge binafsi kiti akijiunga na chama, ila haimzuii kupiga kura upande wa chama hicho bungeni.

Bado nachagua chama, kwa sharti moja: wapatikane mawakala kwanza, mikutano ya hadhara baadaye.