Tahadhari: Seti za kutengeneza bia nyumbani zinazoletwa na boda hapa Mombasa

Wapenzi wa bia wa Mombasa na Mtwapa, kuna muuzaji mitandaoni anauza "seti kamili ya kutengeneza bia nyumbani". Msinunue. Na kama umeshanunua, ile chupa isiyo na lebo iliyomo ndani usiimimine kwenye kitu chochote cha kunywa, hata kama una hamu kiasi gani ya kujaribu.

Aliyeuziwa ni mpwa wangu wa Bombolulu. Alilipa shilingi 6,500 kwa till ambayo jina lake halihusiani hata kidogo na jina la ukurasa, jioni boda akamletea mzigo. Duka hakuna. Ukiuliza leo unaambiwa liko Nyali, ukiuliza kesho liko Tudor. Kijana akaniletea mimi Mikindani, maana anajua hii kazi ya kupika bia naifanya kwa starehe yangu muda mrefu, akataka nimwonyeshe pa kuanzia.

Nilipofungua boksi nilikuta ndoo iliyokuwa ya rangi ya ukuta. Lebo imebanduliwa, harufu imebaki. Halafu kopo la kimea la gramu 500 lililobandikwa karatasi mpya juu ya karatasi ya zamani, nusu kilo ya sukari, hamira kwenye foili isiyo na maandishi, na chupa ya maji ya kunywa ya lita moja imejazwa kitu cheupe kinachonukia spiriti. Hidromita, kile kipimo cha kuonyesha sukari iliyobaki kwenye bia, hakuna. Kile kizibo cha kutolea hewa hakuna. Dawa ya kuoshea vyombo hakuna.

Sasa hesabu, kwa sababu hapo ndipo mchezo wote ulipo. Kopo la kawaida la seti za kweli, zile zinazotengenezwa Uingereza, Australia au New Zealand, lina kilo 1.7 za kimea kizito kama asali. Ukitia na kilo moja ya sukari, unapata lita 23 za bia yenye kilevi cha asilimia 4 hivi. Huyu bwana anasema gramu zake 500 zinatoa lita 20 za bia ya asilimia 8! Hata ukitia sukari yake yote na hamira ifanye kazi mpaka mwisho, utapata kama asilimia 2. Zilizobaki zinatoka wapi? Karatasi ya maelezo yenyewe inakujibu: "Bia ikishatulia, mimina kiongeza nguvu chote." Kiongeza nguvu ndicho hicho cha kwenye chupa. Lita moja ya spiriti ndani ya lita 20 inapandisha kilevi kwa karibu asilimia 5. Kwa hiyo bia hukupika. Umechanganya spiriti ya mtu usiyemjua na maji ya sukari.

Na hakuna ulimi wala pua inayoweza kutenganisha ethanoli, kilevi cha kawaida cha pombe, na methanoli, ambayo ni sumu. Bia ya kimea, sukari na hamira peke yake haizai methanoli ya kumdhuru mnywaji. Hatari inakuja mtu anapomimina kilevi cha viwandani. Mei 2014 watu wengi walikufa Embu, Kitui na kwingineko kwa pombe yenye methanoli, na wengine waliopona walibaki vipofu. Kuuchemsha mchanganyiko huo, kuuongezea maji au kunywa maziwa kwanza hakuondoi sumu. Dalili zenyewe zinaweza kuchelewa mpaka siku ya pili: kichwa, kutapika, tumbo, macho kuona ukungu. Aliyekwisha kunywa asisubiri macho yaanze, akimbizwe hospitali na ile chupa ibebwe pamoja naye.

Tuseme chupa umeitupa. Bado karatasi inataka kukuumiza. Inakwambia ujaze chupa za kioo siku ya tatu na utie vijiko viwili vya chakula vya sukari kila chupa ya nusu lita. Chupa ya nusu lita inataka gramu 3 au 4 tu, haifiki hata kijiko cha chai kilichojaa, tena baada ya hamira kumaliza kazi. Ndiyo maana hidromita inahitajika: unapima, unakaa siku mbili tatu, unapima tena, namba isipobadilika ndipo unajaza. Watu wa pwani tunajua pombe ya mnazi ikizibwa kwenye chupa inafanya nini: inaipasua. Sasa fikiria chupa ya kioo yenye sukari ya kupitiliza, chini ya kitanda, kwenye nyumba yenye watoto.

Joto nalo amelisahau, au amelidharau. Hamira nyingi za bia za aina ya ale zinapenda nyuzi 18 mpaka 22, na chumba cha Mombasa mwezi wa Machi kinapita 30. Ndoo inakaa ndani ya beseni la maji, unaifunika taulo bichi, unaweka feni na kubadilisha chupa za barafu asubuhi na jioni. Yeye ameandika "weka mahali penye joto". Bia inayochachuka kwenye joto hilo inatoka na harufu ya ndizi mbivu na kichwa cha kesho yake. Ila hili ni la ladha tu, halina uzito wa yale ya juu.

Kwenye kopo kuna alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Nilituma ile namba ya kibali kwa 20023 (unaandika SM# kisha namba yenyewe), jibu likaja na jina la bidhaa ya sabuni. Ukiletewa mzigo, fanya hivyo boda akiwa bado yupo mlangoni.

Jambo jingine linalonikera: anawavuta vijana kwa maneno "anzisha biashara ya bia nyumbani, leseni haihitajiki". Uongo. Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo inamtaka kila anayetengeneza au kuuza pombe awe na leseni, na KRA, watu wa kodi, nao wanadai ushuru na stempu zao. Polisi wakija, atakayepandishwa gari ni aliye na ndoo.

Mpwa wangu alipodai pesa zake alifungiwa namba, na ukurasa ukafutwa. Sasa umerudi kwa jina jipya, picha zile zile: ndoo nyeupe juu ya zulia jekundu, pembeni glasi ya bia yenye povu ambayo ukiikuza utaona imekatwa kutoka picha nyingine. Kama nawe uliuziwa, tunza ujumbe wa M-Pesa, kopo na ile chupa ikiwa imefungwa vizuri mbali na watoto, uvipeleke kituo cha polisi. Sisi tumeshaandikisha malalamiko yetu. Tukiwa wengi, itakuwa vigumu kutuambia tungoje.