Lenzi za jicho za bei nafuu kwa kutazama sayari: niliyoyapima kwa darubini ya milimita 114 hapa Kigoma

Darubini yangu ni ya kioo, kipenyo chake milimita 114 na urefu wake wa fokasi, yaani umbali kutoka kwenye kioo hadi mwanga unapokutana, milimita 900, ya aina ambayo wengi huanza nayo kwa sababu bei yake inavumilika. Kwenye sanduku iliandikwa kwa herufi kubwa kwamba inakuza mara 675. Kihesabu hapo hakuna uongo, kwa maana ukigawanya 900 kwa lenzi ya jicho ya milimita 4 unapata 225, na ukiongeza lenzi ya Barlow ya mara tatu iliyomo humo sandukuni, ile inayochomekwa kabla ya lenzi ya jicho ili kuzidisha ukuzaji, unafika 675. Ambalo halikuandikwa ni kwamba kioo cha ukubwa huo hakibebi zaidi ya mara 228 hivi, kwa kanuni inayotumiwa sana ya kuzidisha milimita za kipenyo mara mbili, tena usiku ambao hewa imetulia kama maji ya mtungini. Ukivuka hapo, sayari inakuwa kubwa, nyeusi na yenye ukungu, wala hakuna jipya utakaloliona.

Kwa hiyo tathmini hii haihusu darubini yenyewe, bali vile vipande vidogo unavyovichomeka mwishoni na kuviwekea jicho. Kwa miaka miwili sasa nimenunua, nimeazima na nimerudisha lenzi kadhaa, na sijawahi kulipa zaidi ya shilingi 80,000 kwa lenzi moja, usafiri ukiwemo.

Nianze na zilizokuja sandukuni. Ya milimita 4 ina herufi SR, yaani Ramsden, na ya milimita 12.5 ina herufi H, yaani Huygens. Zote mbili ni miundo ya karne nyingi zilizopita, yenye vioo viwili tu ndani, na hutengenezwa mpaka leo kwa kuwa ni rahisi mno kuitengeneza. Usiku mmoja nilimwita jirani yangu, mzee mstaafu wa reli, aje aione Zohali kwa ile ya milimita 4. Aliinama, akanyamaza kwa muda, kisha akaniambia kwa upole, “Mwanangu, mimi hapa naona kope zangu tu.” Wala hakukosea. Tundu la lenzi ile ni dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, na ili uone chochote inakubidi uligandamize jicho juu ya kioo mpaka kope zipanguse mafuta yake hapo. Sisi wavaa miwani ndiyo tumekwisha kabisa.

Nafasi hiyo kati ya kioo na jicho ndiyo jambo ambalo ningependa mnunuzi alitazame kabla hata ya ukuzaji. Katika lenzi za muundo wa Plössl, uliobuniwa na Georg Simon Plössl wa Vienna mwaka 1860 na ambao hadi sasa ndio chaguo la kwanza la mtu mwenye mfuko mwepesi, nafasi hiyo hukaribia asilimia 70 ya urefu wa fokasi. Ya milimita 25 inakupa nafasi ya kupumua, ya milimita 10 inavumilika, lakini ya milimita 6 inakuachia milimita 4 hivi, na hapo tumerudi kwenye kope za mzee. Nina Plössl ya milimita 25 na ya milimita 12.5, na zote mbili nazisifu bila kusita: picha ni safi, nyota za pembeni hazivutiki sana, na mikanda ya Mshtarii inaonekana imekatwa vizuri. Plössl fupi kuliko milimita 10 sitainunua tena.

Iliyonitoa kwenye shida hiyo ni ile jamii ya lenzi zenye mstari wa rangi ya dhahabu kuzunguka mwili wake, ambazo huuzwa kwa majina mengi tofauti lakini vipimo vyake ni vilevile: milimita 6, 9, 15 na 20, na uwanda wa kuona, yaani upana wa duara unaloliona ndani ya lenzi, wa nyuzi 66. Ya milimita 6 inakuza mara 150 kwenye darubini yangu na ya milimita 9 inakuza mara 100, na zote mbili zinaacha milimita 15 hivi za kuweka jicho, kwa hiyo miwani yangu inabaki usoni. Mzee aliporudi kuiangalia Zohali kwa ile ya milimita 6, hakuhitaji maelekezo. Tangu Machi 2025, wakati pete zilipotugeuzia ubavu, zimekuwa zikifunguka polepole, na usiku ule zilikuwa bado nyembamba. Akasema ni chungwa lililochomwa kijiti. Tangu hapo nami naieleza hivyohivyo.

Lenzi hiyo ina kasoro zake. Ukisogeza jicho pembeni kidogo, kivuli cheusi chenye umbo la figo kinapita juu ya picha, na inachukua siku kadhaa kuzoea kulituliza jicho katikati. Dada zake za milimita 15 na 20 sizipendekezi: kwenye darubini yangu nyota za pembeni zilikuwa na mikia, na nikilinganisha na Plössl ya milimita 25, naona Plössl inashinda kwa bei ndogo zaidi. Atakayeuziwa seti nzima ya nne ajue kwamba analipia mbili anazozihitaji na mbili zitakazolala mtotoni mwa meza.

Huenda mtu akauliza nyuzi 66 zina faida gani wakati sayari ni kitone kilicho katikati. Jibu linatokana na mahali tulipo. Kiegemeo cha ikweta kilichokuja na darubini, yaani stendi yenye mhimili wa kuifuata sayari kadiri dunia inavyozunguka, kimeundwa kwa watu wa kaskazini ya mbali. Hapa Kigoma, nyuzi 5 hivi kusini ya ikweta, mhimili wake unatakiwa ukaribie kulala, na uzito wa kusawazisha unagonga mguu kabla hujafika unakokwenda. Niliacha kuhangaika nacho, nikawa naisukuma darubini kwa mkono, na kwa namna hiyo sayari haikusubiri. Kwa ukuzaji wa mara 150, lenzi ya nyuzi 66 inaiweka sayari machoni kwa sekunde 100 na ushee kabla haijatoka upande wa pili, wakati Plössl yenye ukuzaji huohuo ingeipa kama sekunde 80. Ile SR hata dakika haifiki. Ukiwa na watu watatu wanaopokezana, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama wa tatu ataona kitu au ataona giza.

Mahali petu pana neema yake pia. Sayari hupita karibu na utosi, hazishuki zaidi ya nyuzi 30 hivi kutoka hapo zinapofika kilele, kwa hiyo tunazitazama kupitia hewa chache kuliko mtu wa Ulaya ambaye kuna miaka zinamtambaalia juu ya mapaa. Taa za wavuvi wa dagaa ziwani, zinazowaka usiku usio na mbalamwezi, haziidhuru Mshtarii hata kidogo, ingawa kwa mtafutaji wa nebula, yale mawingu hafifu ya angani, ni kero. Kinachoharibu ni joto. Bati lililochomwa na jua mchana kutwa hutoa mvuke wa joto hadi usiku mkubwa, na sayari ikipita juu ya bati la jirani hutikisika kama jiwe chini ya mto. Nikiamka saa kumi alfajiri, lenzi ileile ambayo saa mbili usiku niliiona mbovu inakuwa nyingine kabisa. Na kwa kuwa naishi Mwanga, na nimeshaonekana uani usiku wa manane nikiinamia bomba jeupe, utani wa majirani juu ya jina la mtaa nimeukubali.

Kuhusu ukuzaji mkubwa zaidi, niliazima lenzi ya milimita 4 iliyo bora kuliko ile ya sandukuni, ikanipa mara 225. Miale inayotoka kwenye lenzi hapo ina upana wa nusu milimita tu, na kwa upana huo nilianza kuona vinyuzi vinavyoelea ndani ya jicho langu mwenyewe vikipita juu ya Mshtarii. Labda asubuhi tano kwa mwaka mzima ilinionyesha kitu ambacho ile ya milimita 6 ilikuwa haijanionyesha. Kwa asubuhi hizo tano inatosha lenzi ya Barlow ya mara mbili yenye vioo halisi: nikiichomekea ile ya milimita 9 napata mara 200, na nikiitumia na Plössl ya 12.5 napata mara 144 huku jicho likiwa na nafasi. Barlow ya plastiki ya mara tatu iliyomo sandukuni haifai kwa lolote. Lenzi ya kuvuta, ya milimita 7 hadi 21, niliipenda kwa wageni kwa sababu huhitaji kubadilisha gizani, ila kwenye 21 uwanda wake unabana kama unachungulia kwenye tundu la ufunguo.

Sasa ununuzi. Lenzi yangu ya kwanza niliiagiza mtandaoni, ikaja Kariakoo, ikapanda basi hadi hapa, nami nikaipokea kwa furaha. Nilipoichomeka ikazama na kuchezacheza kama kidole kwenye kopo. Nilikwenda kwa fundi pikipiki akaipima kwa kalipa: milimita 24.5. Hicho ni kipimo cha kizamani cha darubini ndogo, wakati tundu la darubini nyingi za leo ni milimita 31.7, yaani inchi moja na robo. Muuzaji alikuwa ameandika kipimo sahihi kwenye tangazo, akatuma kingine, na gharama ya kuirudisha ilizidi bei ya lenzi. Siku hizi naomba picha ya lenzi ikiwa imelazwa juu ya rula kabla ya kulipa.

Ikifika, iwekee taa ya balbu mbele na utazame mwako wake juu ya kioo. Ukirudi wa kijani au zambarau, kioo kimepakwa tabaka la kupunguza mng'ao. Ukirudi mweupe kama kwenye dirisha, hakikupakwa kitu, na Mshtarii itakuwa na kivuli chake pembeni. Unyevu wa ziwa huleta ukungu kwenye vioo, hivyo zangu zinakaa kwenye kopo la maziwa lililofungwa pamoja na vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Na kama sandukuni mna kichujio cha jua cha kufungia kwenye lenzi ya jicho, kivunje na ukitupe siku hiyohiyo, kwani kinakaa mahali ambapo mwanga wote wa jua umekusanywa, na kikipasuka kwa joto jicho halina muda wa kukwepa.

Kwa darubini kama yangu, basi, ningenunua ya milimita 6 yenye mstari wa dhahabu kwanza, kisha Plössl ya 25 kwa kuitafutia sayari, halafu Barlow ya mara mbili fedha ikipatikana. Mwenye darubini ya fokasi 650 ataiona hiyo ya milimita 6 ikimpa mara 108 tu, na kwake Barlow inapanda hadi nafasi ya pili. Ile SR ya milimita 4 iko kwa fundi simu, karibu na stendi. Anaigeuza kichwa chini kukagulia saketi, na anasema hajapata kioo kizuri kama hicho.