TAHADHARI: Hizi kamera ndogo za "megapikseli 48" mnazoziona mtandaoni

Ndugu zangu, habari za jioni. Naandika ili mwingine asiliwe hela kama nilivyoliwa mimi.

Mtoto wa dada yangu alikuwa anapata kipaimara, nikatafuta kamera ndogo ya bei nafuu. Nikakutana na tangazo Instagram: megapikseli 48 (yaani picha yenye nukta milioni 48), video ya 4K, zumu mara 16, memori kadi bure, yote kwa 165,000. Muuzaji alisema duka lake liko Kariakoo, lakini kila nikitaka kwenda ana sababu: leo yuko stoo, kesho ana msiba. Nilipie tu kwa simu, bodaboda italeta. Nikalipa.

Boksi zuri, kamera nyepesi mno. Mbele ina duara jeusi la plastiki lililochongwa lifanane na lenzi inayotoka na kurudi, katikati kijicho kidogo kama cha simu. Ukibonyeza zumu hakuna kinachosogea, picha inakuzwa tu kwenye kioo mpaka inaharibika. Flashi ni kijitaa cha LED. Kanisani askofu alipompaka mafuta binti yetu nilikuwa hatua nne tu kutoka pale, nikapiga. Uso umetoka ukungu mtupu, macho hayaonekani. Na kipaimara hakirudiwi.

Nyumbani nikapiga kalenda ya ukutani kwa megapikseli 48, kisha nikaishusha hadi 8. Tarehe zilizofifia kule zimefifia vilevile huku. Yaani sensa yenyewe, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, ni ya megapikseli chache, programu inajazia nukta za kubuni ili namba ipande. Faili linakuwa zito, picha ni ileile.

Nilipompigia muuzaji alisema "hujui kuitumia dada", akakata. Sasa namba yangu kaifungia.

Jamani, kabla ya kulipa someni maandishi kwenye pete ya lenzi. Zumu ya kweli ina namba mbili. Canon IXUS 185, kwa mfano, ina 5.0-40.0 mm, gawanya 40 kwa 5 unapata 8, ndiyo zumu yake. Yangu ina namba moja tu, hiyo mara 16 imetoka wapi?

Kwa hela hiyo mimi sasa ningetafuta Canon, Sony au Nikon iliyotumika, hata ya megapikseli 12, kuliko mpya isiyojulikana. Ila uishike mwenyewe: iwashe, lenzi itoke na kurudi bila kukwaruza, piga kitu kilicho kivulini, hakikisha chaja ipo na betri inatunza chaji. Muuzaji akiwa mbali, mwombe video fupi akibonyeza zumu. Huyu wangu nilimwomba, akanitumia picha ya boksi. Hapo ndipo nilipaswa kuacha.

Tangazo lake bado lipo. Leo asubuhi bei ameishusha hadi 140,000.