Simu iliyonizimia WhatsApp kimyakimya, na duka lililonicheka

Mimi ni mpishi. Napika kwa oda nyumbani kwangu Kibokoni: biriani, pilau, sambusa, na mwezi wa Ramadhani kaimati na vibibi. Oda zangu karibu zote huingia kwa WhatsApp. Kwa hivyo simu kwangu si ya kupitisha wakati, ni chombo cha kazi, na ikinificha meseji moja imenifungia biashara. Simu ninayotumia sasa, ambayo jina la kampuni yake silitaji (wenye nazo watajijua), imenificha meseji siku ambayo haikustahili kabisa kufichwa. Kisha nilipokwenda kuuliza nilikoinunua, nikadharauliwa. Mpaka leo sijapoa, kwa hivyo mtanivumilia.

Kabla ya lawama, haki yake niipe. Betri ni nzuri mno. Hilo ndilo lililonivuta. Stima ikikatika asubuhi ikarudi usiku, simu bado iko hai. Nikikwama foleni ya feri Likoni na vyombo vya watu mkononi, siogopi kuzimikiwa. Kamera nayo inapiga sinia la biriani mpaka mteja anaona mvuke. Laiti ningeandika haya wiki ya kwanza, mngesoma sifa tupu.

Sasa lililonikuta. Miezi michache nyuma nilipata oda ya hitma. Aliyeagiza ni binti aliyeko Dubai. Babake amefariki, familia iko Majengo, naye hakuweza kuja. Alitaka masinia ya biriani ya mbuzi, kachumbari, ndizi na sharubati ya ukwaju. Kule kupiga kwa WhatsApp kumezuiwa, na simu ya kawaida inamla pesa, kwa hivyo yote tuliyazungumza kwa meseji za sauti. Alikuwa akilia katikati ya maneno, nami nikimliwaza. Tukakubaliana chakula kifike baada ya alasiri. Usiku wa kuamkia siku yenyewe akatuma meseji: wageni wa Malindi wanataka kurudi mchana, hitma imesogezwa mpaka baada ya adhuhuri, tafadhali dada, chakula kifike saa saba.

Meseji ile haikuingia.

Simu ilikuwa juu ya kabati la jikoni. Ina bando, ina chaji, mtandao umejaa, kioo kimezimika. Mimi nimeamka kabla ya adhana ya alfajiri, nyama imelala kwenye mtindi na papai bichi, naanza vitunguu. Aliyewahi kukaanga vitunguu vya biriani kwa watu wengi anajua kwamba hapo simu haishikwi. Mikono ina mafuta, na ukigeuza uso kidogo tu vimeungua na mchuzi wote utakuwa mchungu. Nilitegemea mlio. Mlio haukuja, nami nikashukuru kwamba asubuhi ile imetulia, hakuna anayenisumbua.

Ilipokaribia saa nane ndipo nikashika simu, nimtumie mwenye tuktuk ramani ya nyumba ya Majengo. Nikagusa WhatsApp. Hapo meseji zikamiminika zote kwa pamoja, za usiku, za asubuhi, za dakika ile ile. Ya kwanza ya upole. Ya pili ya wasiwasi. Ya mwisho sauti imekauka: "Dada, uko wapi? Mbona naona alama moja tu tangu jana?" Alama moja ya kijivu, yaani meseji imetoka kwake, kwangu haijafika. Kumbe usiku kucha na asubuhi nzima, mbele ya mteja wangu aliyefiwa, mimi nilionekana mtu aliyekula arubuni akazima simu.

Nilifika Majengo dua imekwisha. Watu wamekunywa chai na mkate kwa majirani, wa Malindi wamekwenda zao. Mamake yule binti, aliye eda, aliniita ndani. Hakunigombeza. Alisema, "Haya mwanangu, weka hapo," basi. Angenitukana ningepata la kujibu. Pesa zilizobaki sikuzidai. Binti hajaniandikia tena tangu siku ile, na ukoo ule nimewapikia harusi, akika, kila kitu.

Siku ya pili yake nikaenda dukani, mjini, si mbali na Digo Road. Kijana wa kaunta alikuwa ameinamia simu yake. Nikatoa salamu, akaitikia bila kuinua uso. Nikaeleza kituo kwa kituo. Akanyosha mkono, akaichukua simu yangu, akafungua orodha ya programu za karibuni, akazifagia zote, akanirudishia.

"Tatizo ni wewe, mama. Mnafungua vitu vingi hamfungi. Kila ukimaliza, futa zote. Halafu punguza magrupu ya harusi."

Nikamwambia, mwanangu, hayo magrupu ya harusi ndiyo yanayoniletea wateja. Akamtazama mwenzake, wakacheka. Nikauliza kama inaweza kubadilishwa. Akaonyesha ukutani, pale palipoandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudi. Akamgeukia mteja mwingine nami bado nimesimama na simu mkononi. Mtoto wa kumzaa mimi. Mombasa hii, ambako mtu akikuta mzee mlangoni humpisha kwanza!

Aliyenitoa gizani ni mpwa wangu anayesoma TUM, chuo kikuu cha ufundi cha Mombasa, pale Tudor. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho. Ndipo akanieleza, nami nayaandika hapa kwa sababu najua wako wengine wanaolaumiwa bure kama mimi.

Android yenyewe, yaani mfumo wa Google unaoendesha simu kama yangu, ina utaratibu wa kulaza programu. Ulianza na toleo la 6, mwaka 2015, ukaitwa Doze. Simu ikiwa haiko kwenye chaji, imetulia mahali pamoja na kioo kimezimika kwa muda, programu zilizo nyuma hunyimwa mtandao, kisha hufunguliwa kidogo baada ya muda zipokee zao, zinafungiwa tena. Mwaka 2018 toleo la 9 likaongeza kuzipanga programu kwa mafungu, kwa jinsi mwenye simu anavyozitumia. Unayoifungua kila saa inaachwa huru, uliyoisahau inabanwa. Mpaka hapo sina ugomvi. Meseji za haraka, kama za WhatsApp, zina njia yake kupitia mitambo ya Google, na zinaruhusiwa kuiamsha simu hata ikiwa katika usingizi huo. Kwa hivyo Android peke yake isingenificha ile sauti ya Dubai.

Tatizo ni kilichopachikwa juu yake. Wako watengenezaji wa simu ambao, ili boksi lipate kuandikwa kwamba betri inakaa siku mbili, huongeza utaratibu wao wenyewe. Kioo kikizimika, programu hailazwi tena, inauawa. Na programu iliyosimamishwa kwa nguvu haipokei kitu, hata meseji ya haraka, mpaka mwenyewe uiguse kwa kidole uifungue. Ndiyo sababu zangu zilimiminika pale tu nilipoigusa. Ni sawa na bawabu anayemfungia nje mwenye nyumba, kisha asubuhi akadai asifiwe kwa kulinda vizuri. Kilichonusurika ni M-Pesa peke yake, maana ujumbe wake ni SMS wala hautegemei programu yoyote kuwa macho.

Sikilizeni sasa ushauri niliopewa dukani. Futa zote! Kwenye simu za namna hii, kuifagia programu kutoka kwenye orodha ya karibuni huweza kuwa ndiko kuiua kwenyewe. Yaani alimpa mgonjwa sumu ile ile. Na kwa betri pia haina faida, kwa sababu programu iliyofutwa ikifunguliwa tena hupakiwa upya tangu mwanzo, na kazi hiyo inakula chaji kuliko ingeachwa imelala. Si maneno ya mpwa wangu tu. Mwaka 2016 Craig Federighi, mkubwa wa upande wa programu kule Apple, alimjibu mteja kwa barua pepe aliyeuliza kama kufunga programu kunasaidia betri ya iPhone. Jibu lake: hapana. Mkubwa wa Apple alipata wakati wa kumjibu mteja swali lile lile ambalo mimi nimechekewa.

Mpwa wangu akaingia kwenye mipangilio. Kwanza, sehemu ya betri ya WhatsApp yenyewe, akaiweka isiwe na kizuizi chochote. Pili, ruhusa ya programu kujiwasha yenyewe, ambayo ilikuwa imezimwa, na ambayo haiko kwenye sehemu ya betri wala sehemu ya programu za mipangilio. Imezikwa ndani ya ile programu ya usalama ya kampuni, mahali ambapo nisingefika peke yangu mpaka kiama. Tatu, kwenye orodha ya programu za karibuni akaibandika kufuli, hata nikizifagia nyingine hii ibaki. Mambo matatu, milango mitatu tofauti, na hakuna hata mmoja uliowahi kuniuliza kabla ya kufungwa.

Basi simu ikabadilika! Wallahi ikawa simu nyingine. Mlio unakuja meseji ikitumwa, oda ya bajia za jioni inaingia mikono ikiwa kwenye unga nami naisikia. Nilikuwa tayari kuandika nyota nne. Nilingojea chaji ianze kuisha upesi, maana hiyo ndiyo hofu wanayotutia. Haikuisha upesi. Imepungua kidogo sana, mtu asiyechunguza hajui. Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa upya, kubwa kuliko ya kwanza. Kama gharama ya kuiacha WhatsApp hai ni ndogo hivyo, ile hitma niliharibiwa kwa ajili ya nini?

Wiki kadhaa nilikaa raha. Kisha usiku mmoja simu ikajisasisha. Asubuhi imekuja na rangi mpya za vitufe, na mimi sikufikiria kitu. Ilipofika mchana mteja wa Nyali akanipigia simu ya kawaida, ananiuliza kama nimeacha kazi. Nikafungua WhatsApp, zikamiminika. Mpwa wangu akaangalia: kufuli ipo, betri haina kizuizi, lakini ruhusa ya kujiwasha imezimwa tena. Sasisho limeirudisha ilivyotoka dukani. Hakuna aliyeniuliza, hakuna arifa, hakuna mstari mmoja wa kuniambia kwamba tumegusa ulichokipanga. Mimi nimelipa pesa zangu taslimu, simu ni yangu, lakini kuna mtu mbali huko anayeingia usiku na kupanga upya nyumba yangu.

Siku za oda kubwa sasa naiacha kwenye chaji jikoni, waya umepita juu ya jokofu, kwa kuwa ikiwa kwenye chaji hailali. Fikirini wenyewe. Betri iliyonifanya niichague simu hii badala ya nyingine, siku ninayoihitaji kwa kazi inashinda imening'inia ukutani. Na stima ikikatika siku kama hiyo, naishika kila baada ya muda naifungua WhatsApp kwa kidole, vitunguu viungue visiungue.

Nyota? Nilipokaa kuandika nilikusudia tatu, kwa heshima ya betri na kamera. Nikifika kwenye hitma nasema mbili. Nikikumbuka lile sasisho, moja, na hiyo moja ni ya kamera. Kwa mtu anayetumia simu kwa kupiga, picha na kutazama video, labda ni simu ya kumfaa, hata nitamwambia anunue, atafurahi na chaji. Kwa mtu wa tuktuk anayengojea abiria kwa programu, kwa mwenye kuuza nguo mtandaoni, kwa aliye na mgonjwa nyumbani na anangoja neno la hospitali, simwambii anunue. Au anunue, lakini asitoke dukani kabla hajafunguliwa ile milango mitatu mbele ya macho yake, na muuzaji akicheka arudishe pesa mfukoni aende duka la pili.

Kwa lile duka sina nyota. Simu inaweza kurekebishwa kwa sasisho lingine. Yule kijana hakuwa na haja ya kujua Doze ni nini. Angesema tu, "Sijui mama, ngoja nimuulize mwenzangu," ningeondoka na shukrani, na labda ningewapelekea wateja.

Binti wa Dubai nimemwandikia meseji ndefu kumweleza yote haya, na alama zake mbili zimegeuka buluu. Hajajibu, na simlaumu. Kama kuna mwenye simu ya namna hii aliyepata njia ya kuzuia sasisho lisiirudishe ile ruhusa ya kujiwasha, naomba anieleze hatua kwa hatua, maana Ramadhani haiko mbali na oda za futari zimeanza kuulizwa.