Nilimpeleka mama Ukerewe, mwongozaji akataka kumwacha chini ya mchungwa

Ukerewe, kile kisiwa cha Ziwa Victoria, nendeni. Ila kampuni iliyotupeleka sisi sitaipa tena hata shilingi, na kama una mzazi mtu mzima usimkabidhi kwao. Nimelitanguliza hili makusudi, maana nikianza na uzuri wa kisiwa hasira itapoa, na sitaki ipoe kabla sijamaliza kusema.

Tangazo lao lilisema ni matembezi mepesi ambayo hata wazee na watoto wanayaweza: ikulu ya zamani ya chifu pale Bukindo, halafu msitu wa Rubya, halafu ufukweni. Kati ya Bukindo na Rubya ni gari, kwa hiyo kwa miguu ni vipande vifupi tu. Nikaona hii ndiyo ya mama. Ameshapita sabini, goti la kushoto linamsumbua, lakini kutembea anatembea. Amefundisha shule ya msingi maisha yake yote na habari za watemi wa Ukerewe anazo kichwani. Kila siku alikuwa akisema hajawahi kuiona Bukindo kwa macho yake.

Kilichokuwa kinamzuia ni maji. Watu wa rika lake hapa Mwanza MV Bukoba, meli iliyozama ziwani mwaka 1996, bado inawauma. Halafu Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikikaribia Ukara, kisiwa jirani na Ukerewe, watu zaidi ya 200 wakapotea, mama akasema yeye na vyombo vya majini basi. Nimembembeleza muda mrefu mpaka akakubali. Meli ilipoacha gati alinishika mkono, akauachia Nansio, bandari ya Ukerewe, ilipoanza kuonekana. Nataka msomaji aelewe huyo mama alikuwa ameshavuka nini kabla hajafika kwa huyo kijana wao, mwongozaji.

Na kijana mwenyewe hakumwamkia. Mama amekaa kiti cha mbele, mvi zote ziko nje, kijana anafungua mlango wa gari, simu iko sikioni: "Mambo, tuko wangapi?" Shikamoo hakuna. Mama akamtazama, akanyamaza. Nikajisemea labda ana mambo mengi asubuhi hiyo, nikamwachia. Tulikuwa na wageni wengine kutoka Dar, watu wazuri tu, wao walimwamkia mama mmoja mmoja.

Bukindo ni mahali pa kusimama. Lile jumba la chifu ukiliona kwa mara ya kwanza, hapo kijijini, unatulia mwenyewe. Mama alisimama nje na fimbo yake akaanza kutusimulia, na wale wa Dar wakamzunguka. Akaeleza kwamba mtemi Lukonge ndiye aliyempokea Stanley, yule mpelelezi wa Kizungu, mwaka 1875, akampa mitumbwi ya kuvushia watu wake. Kwamba miaka miwili baadaye, 1877, wamisionari wawili wa Kiingereza waliuawa hukuhuku kisiwani, katika ugomvi wa Lukonge na mfanyabiashara Songoro. Akaja mpaka kwa chifu wa mwisho, Michael Lukumbuzya, ambaye uchifu ulipofutwa nchini mwaka 1963 yeye aliendelea kuitumikia serikali mpya na akawa balozi. Yote hayo kwa sauti ya darasani, bila karatasi. Dada mmoja wa Dar akawa anarekodi.

Mwongozaji, ambaye tumemlipa atueleze hayo, akasema: "Mama, hayo ya zamani sana. Pigeni picha twende."

Twende wapi? Tulikuwa tunalala Nansio, meli yetu ilikuwa ya kesho yake. Haraka yake niliielewa baadaye, nilipomsikia kwenye simu akimwambia mtu kuna kundi jingine linamsubiri, "nusu saa nakuja". Kumbe siku yetu ilikuwa imeuzwa mara mbili.

Sasa lile lililonifanya niandike. Gari lilituacha barabarani, kuna kijia kinapita kwenye mihogo na michungwa kuelekea msituni. Tambarare kabisa. Mama anakwenda kwa mwendo wake, anasimama, anavuta pumzi, anaendelea. Mwongozaji yuko mbele huko. Mara akarudi nyuma, akanifuata mimi, sio mama, akasema, na mama yuko hatua mbili pembeni anasikia kila neno: "Huyu bibi tumwache hapa kivulini, tutampitia tukirudi."

Tumwache. Tutampitia. Kama furushi! Mtu aliyefundisha watoto wa watu mpaka amestaafu, aliyelipiwa nauli na ada sawasawa na kila mtu pale. Na hata kumuuliza yeye mwenyewe, "Mama, umechoka? Tupumzike kidogo?", hakumuuliza. Mama akasema taratibu, "Nendeni tu wanangu, mimi nitakaa." Nilimwona uso. Nilimwambia kijana aende zake na kundi, mimi nabaki na mama yangu. Akaenda kweli! Hakugeuka.

Nilikuwa tayari kuandika kwamba safari nzima ni bure, msiende. Lakini haikuishia hapo.

Shamba lile lina wenyewe. Alitoka mama mmoja na kigoda mkononi, akampa mama akae, wakasalimiana vile watu wazima wanavyosalimiana, habari za nyumbani, za watoto, za mvua, bila kukimbizwa na mtu. Akachuma machungwa matatu, akayamenya kwa kisu kidogo kilichochakaa mpini, ganda linatoka utepe mmoja mrefu mpaka chini, akakata kofia ya juu akampa mama anyonye. Wanaosifia machungwa ya Ukerewe hawadanganyi. Mama alipomaliza la pili akasema, "Haya, huo msitu uko wapi?"

Kijana wa yule mama akatusindikiza. Hana sare wala kitambulisho cha utalii. Alitembea upande wa goti bovu, nusu hatua nyuma, na mama akisimama naye anasimama, anajifanya kuna ndege anamwangalia. Huko Rubya wamepanda misonobari, na chini yake majani yake membamba yamedondoka miaka na miaka, njia imekuwa laini, ukikanyaga inabonyea kidogo. Mama akasema goti limenyamaza. Kivuli kizuri, harufu ya utomvu, halafu miti inaanza kuachana na unaona ziwa katikati ya mashina. Tulifika mpaka mchangani. Kulikuwa na dagaa wameanikwa, mama akakaa kwenye ubavu wa mtumbwi uliopumzishwa nchi kavu, akatazama yale maji anayoyaogopa kwa muda mrefu sana. Mtoto wangu angetaka kuogelea ningemkataza, kichocho ziwani kipo, lakini kwa kukaa na kutazama sijui pengine pa kumpeleka mzee.

Kwa hiyo nikiwa mkweli, tangazo halikusema uongo. Njia ni nyepesi. Mwenye goti bovu kaifika mwisho. Pale mchangani nilikuwa nimeshaanza kuwasamehe, nikasema nitawapa nyota tatu, kijana ni mdogo, atafundishika.

Tukarudi barabarani. Mwongozaji amesimama kwenye gari, amenuna. "Si niliwaambia tutampitia? Mmetuchelewesha watu wote." Watu wote! Wale wa Dar walikuwa wamekaa wanakula machungwa, hakuna aliyelalamika. Yule dada aliyerekodi ndiye aliyemjibu, akamwambia amwombe mama radhi. Akawasha gari.

Tuliporudi Mwanza nikapiga simu ofisini kwao. Nilisikilizwa vizuri mpaka mwisho, halafu nikajibiwa kwamba mteja ndiye anayepaswa kujua hali yake ya kiafya. Hali gani ya kiafya? Mama alifika! Aliyeshindwa kufika ni mtu wenu, kwa sababu mmempa makundi mawili siku moja, na anayetembea polepole anamharibia hesabu. Mkiandika "wazee wanaweza" basi mwendo wa kundi uwe wa mzee, anayetangulia asubiri. Kama hamuwezi, futeni hayo maneno kwenye tangazo.

Ushauri wangu kwa wenye wazazi: pandeni meli mpaka Nansio, laleni hapo, asubuhi chukueni gari au bajaji ya mtu wa kisiwani mkubaliane siku nzima. Bukindo ombeni ruhusa kwa wenyeji kwanza. Rubya nendeni jua likiwa bado la asubuhi. Hao wenye tangazo msiwape kitu.

Nyota nawapa moja. Pesa sizidai tena. Ninachodai ni yule kijana ampigie mama simu, amwamkie, amwombe radhi. Namba mnayo, niliiandika kwenye fomu yenu.