Kisomaji cha OBD2 kwenye gari la viti saba: hakipunguzi mafuta, kinaonyesha yanakokwenda

Kifaa hiki kinaenea kwenye kiganja, na mpaka sasa sijaweka kwenye gari letu kitu kingine chenye faida kama yake. Nampendekezea kila mwenye gari kubwa la familia linalobugia petroli, ila anunue akijua anachonunua. Kisomaji cha OBD2 (mfumo wa gari wa kujichunguza wenyewe) hakiokoi hata tone. Kinazungumza na kompyuta ya injini na kukuletea kwenye simu, kwa Bluetooth, kile injini inachofanya sekunde hiyohiyo. Kuokoa ni kazi ya dereva.

Tundu la kukichomeka liko chini ya usukani, karibu na magoti ya dereva, na lina nafasi za pini 16. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani yanalo tangu modeli za mwaka 1996, na ya petroli ya Ulaya tangu 2001, kwa hiyo gari lako likiwa la miaka hiyo au baadaye huenda linalo. Unachomeka, unawasha swichi, unaunganisha simu, basi. Hakuna waya wa kukata.

Gari letu ni la petroli, silinda sita, gia otomatiki, uzito wake unakaribia tani mbili kabla watoto hawajapanda na mabegi yao. Kwenye programu ya simu nimebakiza vitu vinne tu: mwendo, joto la maji ya injini, marekebisho ya mafuta (kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta), na lita kwa kilomita 100 za papo kwa papo. Kioo kikijaa mishale kumi na mbili hutasoma hata mmoja.

Kilichonishtua kwanza ni kuondoka kwenye taa. Ukikanyaga pedali kwa nguvu, gari zito namna hii linaonyesha lita 40 kwa kilomita 100 na kupita, na mita chache mbele unakuta foleni na kushika breki. Ukiondoka taratibu, namba inapanda kidogo tu halafu inatulia. Idara ya Nishati ya Marekani inasema uendeshaji wa pupa unapunguza umbali unaopata kwa lita moja kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye barabara kuu, na asilimia 10 hadi 40 kwenye foleni. Tangu tuanze kuangalia namba hizo nyumbani hakuna mabishano tena. Mume wangu alikuwa mtu wa kukanyaga. Sasa mtoto wetu mkubwa akikaa mbele ndiye anayesoma namba kwa sauti, na baba yake analegeza mguu mwenyewe. Dereva asitazame simu anapoendesha, hilo sitaki hata kulijadili.

Kinachofuata ni upepo. Nguvu ya upepo inayolizuia gari hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, na gari refu lenye uso mpana linaupokea wote. Tukipita kilomita 80 kwa saa kwenye barabara tambarare naona namba ikipanda, na kwenye 110 inakuwa mbaya kweli. Hapo ndipo sanduku la juu ya keria lilipojulikana. Idara hiyohiyo inakadiria kuwa sanduku kubwa la juu linakula asilimia 6 hadi 17 ya umbali unaopata kwa lita kwenye barabara kuu, na 10 hadi 25 ukienda kati ya kilomita 105 na 120 kwa saa. La kufunga nyuma ya gari linakula asilimia 1 hadi 5 tu. Letu tumelishusha. Linarudi juu siku ya safari yenye mizigo kweli, na tukifika linashuka siku hiyohiyo.

Lakini kilichonifanya nikiamini kifaa hiki ni joto la maji. Gari lilikuwa linakula kupita kawaida, na fundi alikuwa tayari kubadilisha plagi na kichujio cha hewa. Kwenye dashibodi mshale wa joto ulikuwa umekaa pale pale karibu na katikati, hauna neno. Kwenye simu, hata hivyo, joto lilifika nyuzi 80 kwenye foleni, na tukishika barabara kuu likashuka hadi 68, 67. Injini ya namna hii inatakiwa ikae kama kwenye 90. Thamostati, kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto, ilikuwa imekwama wazi, maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, na kompyuta ikiamini injini bado ya baridi inaendelea kumwaga mafuta ya ziada. Gia otomatiki nayo huwa inachelewa kufunga konveta (kiungo kati ya injini na gia) injini isipopata moto. Baadaye kidogo taa ya injini ikawaka na kodi ya hitilafu ikawa P0128, ambayo maana yake ni hiyohiyo. Thamostati mpya ikaingia, plagi zikabaki zilezile. Kuhusu kichujio cha hewa, kwenye injini za kisasa za sindano kichujio kichafu kinapunguza nguvu ya kuchomoka, hakibadilishi sana ulaji wa mafuta, kwa sababu kompyuta inapunguza mafuta kulingana na hewa inayoingia. Magari ya kabureta ndiyo yaliyokuwa na habari tofauti.

Sasa kasoro zake, maana zipo. Programu nyingi haziyapimi mafuta moja kwa moja. Zinasoma gramu za hewa inayoingia kwenye injini na kugawa kwa 14.7, ule uwiano wa hewa na petroli. Kwa petroli hesabu inakaribia ukweli. Kwa dizeli haifai kabisa, kwani dizeli huchoma na hewa ya ziada muda wote, hivyo mwenye gari la dizeli atafute programu inayosoma mafuta yenyewe kama gari lake linaitoa namba hiyo. Na hata kwa petroli kuna mahali kinadanganya: kwenye mteremko. Ukiachia pedali gari likiwa kwenye gia, kompyuta inafunga sindano za mafuta na injini haitumii mafuta, lakini hewa bado inapita, hivyo programu isiyojua jambo hilo inaonyesha unaendelea kutumia. Usije ukaona namba hiyo ukaamua kuweka nyutro. Kwenye nyutro injini inahitaji mafuta ili isizime, na breki za gari zito zinabaki peke yake.

Jumla ya mafuta ya safari nayo niliikuta imepungua kidogo kuliko ukweli, mpaka nilipoisahihisha kwa njia ya zamani: jaza tangi hadi pampu ijikate, tembea, jaza tena kwenye pampu ileile, gawanya lita kwa kilomita ulizotembea.

Matairi hakiyaoni. Nunua geji, fuata namba iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, sio ile iliyochapwa ubavuni mwa tairi, ambayo ni kikomo cha tairi lenyewe.

Nikitenganishe pia na ndugu yake wa uongo. Vinauzwa vifaa vinavyochomekwa kwenye tundu hilohilo vikidai "vinaifundisha" kompyuta kula kidogo. Shemeji yangu alikuwa nacho kimoja, tukakifungua mezani. Ndani kulikuwa na taa mbili ndogo, kitufe na chipu moja, na nyaya za bodi zilitoka kwenye pini ya umeme na pini za ardhi tu. Pini namba 6 na 14, ambazo kwenye magari mengi ya sasa ndizo njia ya mawasiliano, hazikuunganishwa na kitu. Hakikuwa na namna ya kuiambia injini chochote. Mamlaka ya Mazingira ya Marekani imeshapima zaidi ya vifaa 100 vya kudai kuokoa mafuta na ikakuta vichache mno vyenye faida yoyote. Watu wenye familia wanatoa fedha yao kwa taa za kumetameta, na hilo linaniuma.

Ukinunua kisomaji, fahamu kuwa vingi vya bei nafuu vimejengwa kwa nakala za chipu ELM327 iliyobuniwa na Elm Electronics ya Kanada. Kilichoandikwa toleo 1.5 ni nakala bila shaka, kwa kuwa kampuni hiyo haikuwahi kutoa toleo hilo. Changu ni nakala na kinafanya kazi vizuri, ila muuzaji akubali kukirudisha kikikataa gari lako. Na gari likiwa linalala siku kadhaa bila kuwashwa, kichomoe: pini namba 16 ina umeme hata swichi ikiwa imezimwa, na betri inaendelea kunyonywa.